Umepitiwa na Tarehe ya Kulipa Kadi ya Mkopo Marekani? Hesabu Siku Kwanza

Kama umefungua simu leo ukakuta ujumbe kwamba malipo ya kadi yako yamechelewa, lipa kwanza, usome baadaye. Lipa walau kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye stetimenti (taarifa ya kadi inayotoka kila mwezi), kutoka akaunti yako ya benki, kupitia programu au tovuti ya benki iliyokupa kadi. Usitume hundi kwa posta. Usisubiri mshahara wa Ijumaa ili umalize deni lote kwa mpigo, ikiwa kiwango cha chini ni dola 35 na dola 35 unazo. Ukimaliza, piga picha ya skrini yenye namba ya uthibitisho, kisha rudi hapa tutafute kilichoharibika.

Nawaandikia ndugu zetu wanaoishi Marekani, waliotoka Mombasa, Bukavu, Dar es Salaam, Bujumbura au kambi za Kakuma na Nyarugusu. Wengi wetu kadi ya mkopo tumekutana nayo ukubwani, na hakuna aliyetukalisha chini kutueleza. Nimeona watu wachapakazi wakikosa usingizi kwa kuchelewa siku nne, jambo ambalo halikuacha doa lolote kwenye rekodi yao ya mikopo. Nimeona na wengine wakirundika bahasha za benki juu ya friji miezi miwili, na doa hilo sasa wanalo kwa miaka 7. Pesa ya kulipa wote walikuwa nayo. Walichokosa ni kujua kwamba siku zina mipaka yake.

Siku zako ni ngapi?

Tafuta kwenye stetimenti tarehe ya mwisho ya kulipa, kisha hesabu kuanzia siku inayofuata mpaka leo.

Ukiwa kati ya siku 1 na 29, jambo hili bado liko kati yako na benki. Wanaweza kukutoza faini na riba, lakini hawapeleki taarifa ya kuchelewa kwa Equifax, Experian na TransUnion, yale mashirika matatu yanayotunza rekodi za mikopo, mpaka zitimie siku 30 kamili. Hapa kazi yako ni moja: kiwango cha chini kifike na kisomeke kwenye akaunti kabla ya siku ya 30. Usingoje siku ya 29, kwa sababu malipo yanaweza kurudishwa na ukakosa muda wa kulipa tena. Na ukilipa pungufu ya kiwango cha chini, hata kwa dola 5, bado unahesabiwa hujalipa.

Ukishavuka siku 30, doa la kwanza linaweza kuandikwa. Wengi hapo hukata tamaa na kuacha, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi, maana rekodi ina ngazi: 30, 60, 90, 120, na kuendelea. Anayelipa siku ya 45 anabaki na doa la ngazi ya kwanza. Anayeacha anapanda, na kila ngazi ni nzito kuliko iliyotangulia. Ikifika siku 180, benki hulifuta deni kwenye vitabu vyake kama hasara. Hiyo haimaanishi umesamehewa. Deni bado ni lako, na mara nyingi huuzwa kwa wakusanya madeni.

Sasa twende kwenye dalili, moja moja, kama watu wanavyozisema.

"Nilijua otomatiki itakata"

Hiki ndicho chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote. Mtu aliweka malipo ya otomatiki, akatulia, na bado akachelewa. Fungua ukurasa wa malipo ya otomatiki kwenye programu yako na uangalie mambo manne.

La kwanza ni tarehe ya kuanza. Ukiweka otomatiki leo wakati stetimenti imeshatoka, benki nyingi huianzisha mzunguko wa bili unaofuata, yaani mwezi ujao. Huwa kuna mstari mdogo unaotaja siku ambayo malipo ya kwanza yatakatwa, na watu wengi hubonyeza kukubali bila kuusoma. Bili ya mwezi ule inabaki juu yako uilipe kwa mkono.

La pili, akaunti inayokatwa. Ulihama benki, ukafunga akaunti ya zamani, lakini kadi bado inaidai ile ile. La tatu, salio. Kama pesa haikutosha siku ya kukatwa, malipo hurudishwa, na baadhi ya benki huzima otomatiki yenyewe baada ya kurudishiwa. Ujumbe wa kukujulisha huja kwa barua pepe, unapotelea kati ya matangazo, na mwezi wa pili unachelewa tena bila kujua kwa nini. Ukishawahi kurudishiwa malipo, ingia mwenyewe uthibitishe kama otomatiki bado imewashwa.

La nne ni kiasi. Kwa kawaida kuna chaguo tatu: kiwango cha chini, salio lote la stetimenti, au kiasi unachopanga mwenyewe. Waliopanga kiasi chao, tuseme dola 40, hushtuka pale kiwango cha chini kinapopanda hadi dola 52. Dola 40 zinakatwa kama kawaida na wewe unahesabiwa mchelewaji. Kwa maoni yangu chaguo hilo la tatu halifai kutegemewa peke yake.

"Nimelipa, lakini wanasema sijalipa"

Angalia kwanza akaunti ya benki ulikotoa pesa. Pesa ilitoka ikarudi? Basi huenda ulikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti. Programu ya kadi inaweza kuonyesha malipo yamepokelewa siku ile ile, kisha siku chache za kazi baadaye ikayageuza. Ndiyo maana nasisitiza: siku mbili tatu baada ya kulipa, ingia tena utazame.

Pesa ilitoka na haikurudi? Huenda umelipa kadi nyingine, hasa kama una kadi mbili za benki moja, au umetumia namba ya kadi ya zamani iliyobadilishwa baada ya kupotea. Piga namba iliyo nyuma ya kadi na uwape tarehe, kiasi na namba ya uthibitisho. Wakishindwa kuipata, andika barua. Sheria ya mwaka 1974 ya haki katika bili za mikopo inakupa siku 60 tangu stetimenti yenye kosa itumwe, na malipo yasiyoingizwa kwenye akaunti ni kosa la bili linalotambuliwa na sheria hiyo. Barua iende kwenye anwani ya malalamiko ya bili, ambayo si ile ya kupelekea malipo; zote mbili zimo kwenye stetimenti. Benki inatakiwa kukiri kuipokea ndani ya siku 30 na kumaliza uchunguzi ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Uchunguzi ukiendelea, hawaruhusiwi kukuripoti kwamba umechelewa kwa kiasi kile kinachobishaniwa. Simu peke yake haikupi ulinzi huo, kwa hiyo andika.

Kuna na suala la saa. Sheria inairuhusu benki kuweka saa ya mwisho ya kupokea malipo siku ya tarehe ya mwisho, mradi isiwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Lakini saa kumi na moja ya wapi? Kama benki inafuata saa za New York, aliyeko Seattle muda wake unaisha saa nane mchana, akiwa bado kazini. Na tarehe ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ambayo benki haipokei barua, malipo ya posta yakifika siku ya kazi inayofuata hayahesabiwi yamechelewa. Nafuu hiyo ni ya posta. Anayelipa mtandaoni asiitegemee.

"Nilikuwa nyumbani, msibani"

Hii ni yetu hasa. Simu ya msiba inaingia usiku, kesho yake uko uwanja wa ndege, na wiki tatu baadaye uko Tanga au Goma unakumbuka kadi. Unafungua programu, benki inaona umeingia kutoka nchi nyingine, inatuma namba ya siri kwenye laini yako ya Marekani, na laini hiyo haishiki mtandao huko. Pesa unayo, mlango umefungwa.

Jaribu hivi. Kama simu yako na kampuni yako ya simu zinaruhusu kupiga kwa Wi-Fi, washa huduma hiyo ukiwa kwenye Wi-Fi nzuri. Kwa baadhi ya kampuni ujumbe wa namba ya siri hupita hapo. Tazama kama benki inatoa nafasi ya kupokea namba kwa barua pepe. Vikishindikana, piga namba ya kupigia kutoka nje ya Marekani iliyo nyuma ya kadi. Ukishathibitisha wewe ni nani, unaweza kulipa kwa simu kwa kutaja namba ya rauting (inayoitambulisha benki yako) na namba ya akaunti yako ya benki, ambazo zimo chini ya hundi zako. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita usiku Dar es Salaam na Nairobi wakati wa majira ya joto ya Marekani, na saa saba usiku wakati wa majira yake ya baridi, kwa hiyo ukikumbuka jioni ya siku yenyewe bado una saa kadhaa.

Usimtumie rafiki nywila yako kwa WhatsApp ili akulipie. Mtu huyo huenda ni mwaminifu kabisa, lakini benki ikigundua mtu mwingine ameingia, na baadaye kukatokea wizi, utapata shida kujitetea.

"Nimetozwa faini"

Faini ya mara ya kwanza mara nyingi ni karibu dola 30. Ukichelewa tena ndani ya mizunguko sita inayofuata hupanda kufika karibu dola 40. Haiwezi kuzidi kiwango cha chini ulichotakiwa kulipa. Kama kiwango cha chini kilikuwa dola 25 na umetozwa dola 30, hilo ni kosa na una haki ya kudai. Wengine wameniuliza kuhusu faini ya dola 8 waliyoisikia kwenye habari. Kanuni hiyo ilitangazwa Machi 2024, ikazuiwa kabla haijaanza kutumika, na mahakama ya Texas ikaifuta Aprili 2025. Usiitegemee.

Faini ya kwanza mara nyingi huondolewa ikiombwa, na watu wetu hawaombi. Tunaona aibu, au tunaogopa Kiingereza. Benki kadhaa kubwa zina wakalimani wa simu: mpokeaji akiitika, taja tu Swahili, usubiri. Lipa kwanza, ndipo upige. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Nimekuwa mteja wenu tangu mwaka fulani na nimelipa kwa wakati. Mwezi huu nilipitiwa, nimeshalipa tarehe hii. Naomba mnirudishie faini ya kuchelewa, na riba pia kama inawezekana." Kisha nyamaza, umwache atazame akaunti. Akikataa, shukuru, ukate, upige siku nyingine. Mpokeaji mwingine anaweza kukubali.

"Nimelipa yote, mbona bado nadaiwa?"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu aliyekwisha kujirekebisha huanguka mara ya pili.

Ukiwa unalipa salio lote kila mwezi, benki hukupa kipindi cha nafuu: manunuzi hayatozwi riba kati ya kufungwa kwa stetimenti na tarehe ya mwisho. Ukipitisha tarehe bila kulipa salio lote, nafuu hiyo huondoka, na riba huhesabiwa kila siku.

Tuchukue mfano. Stetimenti ilifungwa Februari 8, salio dola 1,200, tarehe ya mwisho Machi 5, riba asilimia 24 kwa mwaka. Asilimia 24 ukiigawa kwa siku 365, deni la dola 1,200 linazaa takriban senti 79 kwa siku. Ukapitiwa. Machi 8 stetimenti mpya inafungwa, ina dola 1,200 zako, faini ya dola 30, na riba ya siku 28, kama dola 22. Machi 17 unalipa zote, dola 1,252. Skrini inasoma sifuri. Unashusha pumzi.

Lakini kati ya Machi 8 na Machi 17 deni lilikuwa bado lipo, na zile siku 9 zilizaa riba ya karibu dola 7 ambayo haikuwa imeandikwa popote ulipolipa. Itajitokeza kwenye stetimenti ya Aprili. Wewe umeshaweka kadi kabatini ukijua umemaliza, hufungui programu, na dola 7 zinapitisha tarehe ya mwisho. Faini nyingine. Zikikaa siku 30, doa kwenye rekodi, kwa dola 7. Hata vile vitu vipya ulivyonunua mwezi huo vinatozwa riba tangu siku ya kununua, kwa sababu nafuu haijarudi.

Kwa hiyo baada ya kuchelewa, soma stetimenti mbili zinazofuata hata kama hukutumia kadi kabisa. Kwa kawaida ukilipa salio lote kwa wakati mizunguko miwili mfululizo, kipindi cha nafuu hurudi. Ukitaka kumaliza mapema, piga benki uulize kiasi cha kufunga deni mpaka siku ya leo, uwaambie wajumlishe riba ambayo haijaandikwa. Mpaka stetimenti isome sifuri mara mbili, mimi ningenunua chakula na mafuta ya gari kwa kadi ya kawaida ya benki.

"Riba imepanda ghafla"

Kuna riba ya adhabu, ambayo kwenye kadi nyingi hufika asilimia 29.99. Kwa deni ulilokuwa nalo tayari, benki haiwezi kuipandisha kwa sababu ya kuchelewa mpaka uzidi siku 60, na lazima ikupe notisi ya siku 45. Ni sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema pia kwamba ukilipa kiwango cha chini kwa wakati miezi 6 mfululizo tangu riba ipande, lazima wairudishe kwa deni hilo la zamani. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda, na mwezi wa saba soma riba iliyoandikwa kwenye stetimenti. Riba ya asilimia 0 ya ofa nayo inalindwa na mpaka ule ule wa siku 60.

"Krediti yangu imeshuka"

Historia ya malipo ni asilimia 35 ya alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji huzitazama kupima krediti yako, kwa hiyo doa moja la siku 30 linaweza kuwaumiza zaidi wale waliokuwa na rekodi safi. Ingia AnnualCreditReport.com uchukue ripoti zako tatu. Ni bure, unaweza kuzichukua kila wiki. Tafuta kadi husika na mwezi wenye alama ya 30.

Kama alama hiyo si ya kweli, yaani ulilipa siku ya 20 na una ushahidi, wasilisha pingamizi kwa kila shirika lililoiandika. Kwa kawaida lina siku 30 za kuchunguza. Kama ni ya kweli, usiipinge kwa uongo. Andika barua ya kuomba hisani kwa benki: eleza kilichotokea, taja msiba au ugonjwa kama upo, onyesha malipo ya miezi ya karibuni, uombe waiondoe. Hawalazimiki, na wengi hukataa, lakini wapo waliokubaliwa. Isipoondolewa, itaondoka yenyewe baada ya miaka 7, na uzito wake hupungua kadiri unavyolipa vizuri.

Kama hujachelewa popote na alama zimeshuka, angalia kama kuna ndugu aliyekuweka mtumiaji wa ziada kwenye kadi yake. Tunafanyiana hivyo ili kujengeana krediti, na ni jambo jema, lakini akipitiwa yeye, ripoti yako nayo inaweza kuonyesha. Iombe benki ikuondoe. Akaunti hiyo kwa kawaida hutoka kwenye ripoti yako.

Jihadhari na wanaoahidi kusafisha krediti kwa malipo ya mbele. Sheria ya mwaka 1996 inawakataza kupokea pesa kabla ya kumaliza kazi. Na anayekuuzia namba mpya utumie badala ya namba yako ya Social Security anakuingiza kwenye uhalifu. Mkimbie.

"Wananipigia simu, wanasema nitakamatwa"

Hakuna anayefungwa Marekani kwa kuchelewa kulipa kadi. Mkusanya madeni anayetishia polisi anavunja sheria, au ni tapeli tu. Usimpe namba ya akaunti. Mwambie akutumie kwa maandishi maelezo ya deni. Mkusanya madeni halali anatakiwa kuyatuma ndani ya siku 5 tangu awasiliane nawe mara ya kwanza, na una siku 30 baada ya kuyapata za kulipinga. Anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi za dukani ni mwizi, mkatie simu.

Kabla hujafunga programu

Washa otomatiki ya kiwango cha chini kwenye kila kadi, hata unayoitumia mara moja kwa mwaka, kwa sababu ada ya mwaka huingia kimya kimya. Yale mengine yaliyobaki lipa mwenyewe mshahara ukiingia. Hakikisha anwani na barua pepe ni za sasa. Kisha omba tarehe ya mwisho ihamishwe: benki nyingi hukubali, na unafanya hivyo ndani ya programu. Ukilipwa tarehe 1 na 15, chagua tarehe 5 au 20. Mwezi wa mabadiliko tarehe ya zamani inaweza kubaki ikitumika mara moja ya mwisho, kwa hiyo mwezi huo lipa kwa kufuata stetimenti iliyo mkononi.